Mama Povu na Sahani ya Ziwani

Mtaa mzima ulijua siku ya Mama Povu ya kufua bila kuambiwa. Povu lilitoka uani kwake, likapita chini ya geti, likashuka mtaroni taratibu kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga gauni, na watoto wakalifuata wakilipasua kwa vijiti. Mwenyewe husimama getini, mikono kiunoni, akilisindikiza kwa macho. Kwake yeye povu lilikuwa cheti. Nguo ambayo povu lake halijafika kwa jirani, hiyo umeilowesha tu, usiseme umefua.

Jina alipewa na dereva wa teksi wa nyumba ya pili, mtu ambaye humtania hata askari aliyemsimamisha. Likamganda. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi naye na mumewe, naye akalichukua, na mwenye jina hakukasirika hata kidogo. Alilivaa kama kilemba kipya.

Ila mwaka huo Mama Povu alikuwa na jambo kubwa kuliko mashuka. Mwisho wa mteremko wa mtaa wao kulikuwa na ziwa, dogo kiasi kwamba ukisimama gatini unaweza kumtambua mtu wa ng'ambo kwa mwendo wake. Kila mwaka watu walishindana kulivuka kwa kuogelea, na safari hii, kwa mara ya kwanza, akina mama walipewa zamu yao. Mama Povu, ambaye tangu azaliwe maji aliyoyazoea ni ya beseni, akaenda kujiandikisha kabla hajajua hata kuelea.

Akajifunza huko huko. Mwanzo alilishika boya kama mtoto anavyoshika sketi ya mama yake siku ya kwanza ya shule. Kisha asubuhi moja akaliachia, akapiga mikono, na alipoinua kichwa akaona boya liko nyuma, yeye yuko mbele, na hajafa. Alirudi nyumbani analia na kucheka kwa pamoja, akamkumbatia mumewe akiwa amelowa chapachapa, na mume akaenda kazini na shati lenye ramani ya mke wake kifuani.

Kitu kimoja tu hakukipata. Akifumbua macho chini ya maji haoni hata mikono yake mwenyewe. Kila kitu kilikuwa cha kijani, kizito. Alidhani ndivyo ziwa lilivyo.

Mume alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, labda kwa sababu mdomoni mwake huwa na pini. Alimshonea vazi la kuogelea la mikono mirefu na suruali ya kubana, la rangi ya chungwa inayoumiza macho. Mke alipomuuliza kwa nini chungwa, fundi akatoa pini.

"Ukizama nijue pa kukutafuta."

Mama Povu alilivaa chumbani mbele ya kioo, akageuka huku, akageuka kule, akatamani mashindano yawe kesho.

Badala yake ziwa likachafuka. Kwanza kingo zilipata utando wa kijani, halafu utando ukatambaa hadi katikati, na harufu ikapanda mtaani kama mgeni asiyebisha hodi. Waandaaji wakasema hapaogelewi mpaka maji yapimwe. Na mpimaji wa maji, kwa bahati au kwa balaa, alikuwa wifi yake Mama Povu, mdogo wake fundi. Huyu wifi alifanya kazi idara ya maji, akitembea na mabuti ya mpira na begi la chupa, na hawa wawili walitaniana tangu siku ya posa.

Kipimo chake cha kwanza kila mtu aliweza kukifuata kwa macho. Wifi alikuwa na sahani nyeupe ya bati iliyofungwa kwenye kamba, na kwenye kamba kuna fundo jekundu. Anaishusha majini polepole. Sahani ikiendelea kuonekana hadi fundo liguse maji, watu wataogelea. Ikipotea kabla, basi. Chupa za maabara zingefuata baadaye, lakini sahani ndiyo iliyofungua mlango au kuufunga.

Siku hiyo aliishusha mbele ya gati zima. Sahani ikapotea pale pale, kama mume aliyesikia kuna vyombo vya kuosha. Fundo jekundu lilibaki hewani, mbali kabisa na maji. Waandaaji wakasogeza mashindano hadi mwisho wa mwezi unaofuata, na wakasema kutakuwa na kipimo kimoja tu kingine, asubuhi ya siku yenyewe. Kikishindikana, hakuna tena mashindano mwaka huo.

Mama Povu hakuliacha hivyo hivyo. Siku ya pili yake akakusanya wanawake, akawagawia brashi, akasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuwaambia kwamba uchafu haujawahi kumshinda mtu mwenye sabuni. Wakasugua gati. Wakasugua mtaro wote, kuanzia juu mtaani hadi mdomoni unapoingia ziwani. Alimwaga sabuni ya unga bila kupima, kwa gao la mkono, kama anayewarushia kuku mtama. Povu lilijaa ziwani likatanda jeupe, zuri, na wanawake wakapiga makofi. Dereva alipita akasema ziwa sasa limepakwa krimu, limebaki kuvaa hereni.

Wiki iliyofuata ziwa lilikuwa kijani kuliko majani yenyewe.

Hapo Mama Povu akapata jibu: ni watu wa ng'ambo. Alilisema dukani, akalisema kisimani mwa maneno, yaani kwa msusi, akalisema kwa mama mkwe aliyekubali kila kitu kwa sababu alikuwa anasinzia. Wale wa ng'ambo, alisema, hawajui usafi, na wanatuletea.

Wifi aliposikia, hakubisha. Alikuja mtaani Jumamosi na chupa za rangi, ile inayotumiwa na watu wa mabomba kufuatilia maji, isiyomdhuru samaki wala mtu. Akaomba kila nyumba imwage rangi yake pale pale wanapomwaga maji ya kufulia, kisha wote washuke ziwani wakaangalie. Nyumba ya dereva ikapewa samawati. Nyumba ya mwalimu mstaafu wa pale kona, mwenye bustani ya majani mazuri kuliko yote, ikapewa zambarau. Mama Povu akajichagulia mwenyewe.

"Nipe chungwa," alisema. "Na ikitokea kule chini, mnitafutie jina jingine."

Akaimwaga kwenye karo la kufulia uani kwake, akafuatisha na ndoo ya maji, akateremka mteremko mbele ya wote akipunga mikono kama aliyekwenda kupokea kombe. Wakajipanga gatini, macho kwenye mdomo wa mtaro. Hata waliokuja kununua mkate tu walisimama.

Ikatoka samawati. Mama Povu alicheka hadi akashika nguzo. Alimwuliza dereva kama ile teksi huwa anaioshea ziwani au ziwa ndilo analoliosha kwa teksi, na dereva, aliyekuwa akioshea gari barabarani kila siku, akatazama viatu vyake. Ikatoka zambarau kidogo, nyembamba kama uzi. Mwalimu akavua miwani akaifuta.

Halafu mtaro ukakoroma, na chungwa likatoka.

Halikutoka kama uzi. Lilitoka kama kitenge kinachokunjuliwa, pana, linang'aa, na juu yake limebeba povu. Likaingia ziwani likatandaa hadi chini ya miguu ya Mama Povu. Fundi alitoa pini mdomoni taratibu, akaichomeka kolani.

"Mwanangu," mama mkwe alisema kwa upole, "hiyo si ile uliyomwaga wewe?"

Kumbe mtaa mzima uliamini kwamba mtaro unakwenda kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka, kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuuliza. Wifi akaeleza. Maji ya choo na ya bafuni yana bomba lao chini ya ardhi, hilo ndilo la mabwawani. Mtaro ni wa mvua. Hauna chujio, hauna bwawa, hauna huruma. Ukipewa kitu unakifikisha ziwani kama ulivyokabidhiwa.

"Wifi yangu," akamalizia, "ule ukijani ni mmea, na sabuni yako ya unga ina mbolea. Kila ukifua umeupelekea chakula. Na siku ile ya brashi mliuandalia karamu."

Mama Povu alitazama lile chungwa lake likielea.

"Kumbe mimi ni mkulima," alisema.

Gati likaangua kicheko, naye akacheka nao, akajikaza kisabuni hadi akafika nyumbani. Huko alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, uani, akitazama vazi lake la kuogelea lililoanikwa. Angewalaumu watu wa ng'ambo wangapi? Mlango aliotaka kuupita ndio aliokuwa anaufunga kwa mikono yake, kila wiki, huku akijisifu.

Fundi akaja akakaa chini karibu naye. Akasema kipimo bado kipo mbele. Akasema pia kwamba anamfahamu fundi bomba. Kwa fundi, hiyo ilikuwa hotuba.

Kazi ikaanza. Fundi bomba alichimbua uani na kuliunga karo kwenye bomba la majitaka; wakati simenti ikikauka, maji yote ya kufulia yalibebwa kwa ndoo hadi chooni, na Mama Povu alipata misuli ambayo kuogelea hakujampa. Wifi akamwonyesha sabuni isiyo na ile mbolea, na namna ya kuipima kwa kifuniko chake badala ya gao. Hapo ndipo palipouma. Mara ya kwanza alipofua kwa kifuniko, alichungulia beseni kama anayemwangalia mgonjwa. Povu lilikuja kidogo, likasalimia, likaondoka. Alitaka kuongeza. Mkono ulikwenda mara mbili, ukarudi.

Mashuka yalipokauka, akampelekea mama mkwe. Mama mkwe, ambaye pua yake iliaminika kuliko macho yake, alizika uso ndani ya shuka akabaki humo muda mrefu, mpaka wakadhani amesinzia tena.

"Leo," alisema, "shuka linanukia shuka."

Mama Povu akaruka. Akatoka na shuka lenyewe begani kwenda kulionyesha mtaani.

Alibisha mlango kwa mlango. Hakuanza na mawaidha. Alianza kwa kujitambulisha: mimi ndiye chungwa. Watu wakishamaliza kucheka, huwa wameshafungua mlango. Akawaambia wachungulie maji yao yanakwenda wapi. Msusi akaacha kumwaga maji ya kuoshea nywele mtaroni. Mwalimu mstaafu akakubali kutoweka mbolea bustanini mawingu yakitanda, maana mvua ilikuwa ikiizoa yote. Alikiri kwamba kwa miaka mingi amekuwa akilirutubisha ziwa na majani yakipata makombo. Dereva alihamishia teksi kwenye kipande cha nyasi nyuma ya nyumba, na maji yakanywewa na udongo huko huko. Alisema nyasi zake sasa zitajua kuendesha. Wifi naye alizunguka mitaa mingine na chupa zake, hadi ng'ambo, ambako ilibainika kwamba walikuwa wakiwasema watu wa mtaa wa Mama Povu kwa maneno yale yale.

Na ziwa likaanza kurudi. Kwanza harufu iliaga. Halafu kingo zikaonekana, halafu mawe ya chini ya gati. Kila asubuhi Mama Povu alishuka na sahani ya jikoni aliyoifunga kamba ya kuanikia, akijipimia mwenyewe, akipanda mteremko mbio kumweleza mumewe, aliyekuwa anasikiliza na pini zake mdomoni, macho yanacheka.

Jioni ya kuamkia kipimo alikuwa anatoka dukani, kifuko mkononi, akiimba kimoyomoyo. Akakunja kona. Akasimama.

Povu lilikuwa linashuka mtaroni.

Si povu dogo. Lilikuwa povu la enzi zake. Juu kabisa, mbele ya geti lake, mama mkwe alikuwa ameyatandaza mazulia yote ya sebuleni kwenye simenti iliyo kando ya mtaro, amekunja gauni, anasugua kwa furaha. Kumbe alikuwa ameificha pakiti ya sabuni ya zamani chini ya kitanda, ya akiba, na kesho kuna wageni wa mashindano, na uani hapakutosha.

Mama Povu alidondosha kifuko akakimbia. Hakukimbia kwenda juu kwa mama mkwe. Alikimbia kuteremka, akishindana na lile povu kwenye mteremko, viatu vikamtoka, kimoja huku kingine kule. Watu wakachungulia madirishani. Povu lilikuwa mbele yake, halafu wakaenda sambamba, halafu akalipita. Pale mtaro unapobana kabla ya kuingia ziwani, alitafuta jiwe, gunia, chochote. Hakukuwa na kitu. Basi akatumia alichonacho. Akajikalisha mtaroni, mzima mzima, akaziba.

Maji yakamfika mgongoni yakasimama.

"Leteni ndoo!" alipaza sauti, na ndiyo mara pekee mtaa ulimsikia akiomba msaada.

Fundi alikuja mbio na furushi la vipande vya vitambaa vya dukani kwake, akavishindilia pembeni mwa mkewe kila palipovuja. Dereva akaja na ndoo na sifongo za teksi. Msusi akaja na wateja wake, mmoja kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama. Wakajipanga mteremko mzima, ndoo zikipanda zimejaa na kushuka tupu, kutoka mgongoni mwa Mama Povu hadi choo cha nyumba ya karibu. Mwalimu mstaafu alisimamia foleni kama gwaride. Mama mkwe aliteremka taratibu akiwa bado ameshika brashi, akaona aliyosababisha, akashika kichwa. Akasema alitaka tu wageni wakute pasafi. Mama Povu, povu limefika kwapani, alimwambia asijali, ila amsaidie kukuna pua maana mikono haina nafasi.

Walipomaliza, alivutwa kutoka mtaroni na watu kadhaa, akatoka kwa sauti ya kizibo. Dereva alitaka kusema kitu akajizuia. Ilionekana wazi kwamba anateseka.

Asubuhi gati lilijaa hadi likalalamika. Wifi alifika na mabuti yake, hakumtania mtu, hakumtazama hata kaka yake. Akafungua kamba. Mama Povu alikuwa tayari amevaa chungwa, meno yanagongana, na si kwa baridi.

Sahani ikaingia majini.

Ikashuka. Ikaonekana nyeupe kabisa, halafu nyeupe ya maziwa, halafu kijivu cheupe kama mwezi wa mchana. Fundo jekundu lilikuwa linateremka mkononi mwa wifi. Upepo ukaja, maji yakakunjamana, sahani ikapotea, na gati zima likavuta pumzi. Wifi akasimamisha mkono, akangoja. Upepo ukapita. Mwezi ukarudi. Akaiachia kamba tena, kidogo, kidogo, na fundo jekundu likagusa maji, likalowa, likazama kidogo kwa ukarimu.

"Naiona," alisema wifi. Halafu akasahau kwamba yuko kazini, akamrukia wifi yake, chupa zikigongana begini. Akamnong'oneza sikioni kwamba chupa alizochukua wiki hiyo maabara wamezipitisha tayari, ni sahani tu ndiyo ilikuwa imebaki.

Akina mama walijipanga. Filimbi ikalia.

Mama Povu alijitosa kama beseni lililotupwa, lakini alipoinuka alikuwa wa tatu, na kabla ya katikati ya ziwa alikuwa wa kwanza. Mtaa ulipiga kelele ufukweni. Fundi, mtu wa maneno machache, alikuwa anakimbia kulizunguka ziwa na taulo begani, akimwita mkewe kwa jina lake halisi, ambalo wengi ndio kwanza walilisikia.

Kisha, katikati kabisa, ile rangi ya chungwa ikasimama.

Wakadhani kabanwa na misuli. Wifi alishaingia kwenye boti. Lakini Mama Povu alikuwa anaelea, uso ndani ya maji, anainua kichwa kuvuta pumzi, anauzamisha tena. Mwanamke mmoja akampita. Wa pili akampita. Wakampita karibu wote, na mmoja alimpiga teke kwa bahati mbaya, naye hakujali. Alikaa pale kadiri alivyotaka, halafu akaendelea na safari bila haraka, akafika wa pili kutoka mwisho, akipunga mikono yote miwili.

Fundi alimfunika kwa taulo. Dereva, aliyezunguka kwa teksi ili awahi, alikuwa karibu kulia. Alimwambia alikuwa anaongoza, mtaa mzima umemwona, kombe lilikuwa lake, sasa pale katikati alikuwa anatafuta nini?

Mama Povu alikuwa bado anahema, macho mekundu, uso umejaa.

"Vidole," alisema. "Nimejiona vidole vya miguu. Vyote. Na samaki kapita katikati yake."

Wifi akashuka kwenye boti akauliza samaki wa namna gani, na Mama Povu akamshika mkono, akamvuta na mabuti yake kuelekea majini akamwonyeshe.